Mkono Usioonekana Uletao Furaha Mtaani

 

Leo tumeona tuanze makala yetu kwa kusimulia jambo lililotokea mtaani kwetu, jambo ambalo kila tulikumbukapo tunaona haya.

Alikuwapo bibi mmoja mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Kazi yake ilikuwa kusuka ukili na kushona mikeka na misala, na baraza yake haikukosa watoto waliokaa kumtazama na kujifunza. Kisha akaugua miguu. Akawa wa ndani, baraza ikabaki tupu, na watu, kama ilivyo ada ya watu, wakazoea kupita mlangoni kwake bila kubisha hodi.

Asubuhi moja, waliokuwa wakirejea kutoka msikitini baada ya Sala ya Alfajiri waliona kitu kimening'inia mlangoni kwa Bi Mkubwa. Lilikuwa shada la nyota saba za ukili, zimetiwa rangi nyekundu na kijani, zimefungwa pamoja kwa uzi. Halikuwa na jina wala maandishi. Muda si muda watu wakakusanyika. Mmoja akasema hesabu ya saba haikuwekwa bure. Mwingine akaitilia shaka rangi nyekundu. Wa tatu akakumbusha kwamba mwenye nyumba ni mgonjwa, na kwamba ugonjwa wenyewe haueleweki. Mwishowe kijana mmoja akaliondoa shada lile kwa ncha ya fimbo, akalipeleka jalalani na kulichoma moto.

Sisi tulikuwapo. Tulijua vyema kwamba dini yetu inakataza kuamini mikosi na ndege mbaya. Lakini tulinyamaza, kwa sababu wengi walikuwa wamekwishaamua na hatukutaka kubishana na wengi.

Jioni yake mwalimu wa madrasa alitujia. Binti mmoja wa miaka kumi alikuwa hawezi kusoma kwa kilio. Nyota zile alizisuka yeye, kwa siku nyingi, akijificha. Kusuka alifundishwa na Bi Mkubwa mwenyewe, na darasani alikuwa amesikia juu ya fadhila ya kutoa kwa siri. Alitaka bibi yake huyo afungue mlango, aone, afurahi, na asijue ni nani. Tulipomuuliza mwalimu kwa nini nyota zilikuwa saba, alitujibu kwamba miyaa aliyokuwa nayo mtoto ilitosha saba tu.

Ndugu msomaji, tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: tulichoma nini pale jalalani? Na mtaa ambao zawadi isiyo na jina huonekana kuwa uchawi, ni mtaa wa namna gani?

SUFU KATIKA GATI LA SALTBURN

Tulipokuwa katika kujiuliza huko, tulitaka kujua kama wako watu waliozoea kupokea zawadi za namna hii, na zimewafanyia nini. Tukakuta kwamba wako, na baadhi yao wako mbali na sisi kwa ardhi na kwa mila.

Kaskazini mwa Uingereza, ukingoni mwa bahari, upo mji mdogo uitwao Saltburn-by-the-Sea. Mji huo una gati refu lililofunguliwa mwaka 1869, ambalo leo watu hulitumia kwa matembezi. Mwaka 2012, mwaka ambao michezo ya Olimpiki ilifanyika jijini London, wakazi waliamka na kukuta kingo za gati lao zimevishwa kitambaa cha sufu kilichofumwa kwa mkono, chenye urefu wa karibu mita 45. Juu yake walipangwa wanamichezo wadogo wa sufu, kila mmoja na mchezo wake. Hakuna aliyeona kinapofungwa, na hakuna aliyejitokeza kusema ni kazi yake. Magazeti na redio ziliuliza, wageni wakaja kutazama, na baadaye kazi nyingine za mkono huohuo usiojulikana zikafuata.

Si Saltburn peke yake. Katika miji mingi ya Uingereza leo, yale masanduku mekundu ya posta yaliyo njiani huvishwa kofia za kufuma, zenye maua, matunda na mapambo ya majira. Mpita njia huamka akazikuta. Ni kazi ileile wanayoifanya dada zetu wanapofuma vitambaa vya makochi, tofauti ni kwamba kitambaa chetu kinakaa sebuleni kwa mwenyewe, na chao kimewekwa njiani kwa ajili ya kila apitaye.

Huko Uskoti, katika mji wa Edinburgh, mwezi Machi 2011 wafanyakazi wa Maktaba ya Ushairi walikuta juu ya meza mti mdogo uliochongwa kwa karatasi, umesimama juu ya kitabu. Hakuna aliyejua umefikaje. Hadi mwezi Novemba mwaka huo, kazi kumi za namna hiyo zilikuwa zimeachwa kwa siri katika maktaba, makumbusho na nyumba nyingine za elimu mjini humo, zote zimekatwa kwa ustadi mkubwa kutokana na kurasa za vitabu. Zilifuatana na vikaratasi vya kuzishukuru nyumba hizo na kuunga mkono maktaba, wakati ambapo maktaba nyingi za nchi hiyo zilikuwa katika hofu ya kupunguziwa fedha. Mwaka 2012 zilizungushwa katika miji kadhaa ili watu wazione. Aliyezifanya hakulitangaza jina lake.

Nchini Marekani, mwaka 2015, mwanamke aitwaye Megan Murphy, mkazi wa Cape Cod katika jimbo la Massachusetts, alianza kuandika maneno mafupi ya kutia moyo juu ya mawe na kuyaacha ufukweni. Rafiki yake akaokota jiwe moja bila kujua limetoka kwa nani, akamweleza jinsi lilivyomfaa katika siku nzito. Huo ukawa mwanzo wa ada iliyoenea nchi nyingi. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, watoto katika vitongoji vya Uingereza walipaka mawe rangi na kuyapanga kando ya njia. Mmoja huweka jiwe lake, na apitaye baadaye huongeza la kwake, mpaka mstari ukawa mrefu kama nyoka. Watu ambao hawakuruhusiwa kukaribiana walikuwa wakisalimiana kwa mawe.

SIRI INA KAZI YAKE

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya watu walioshiba, na sisi tuna njaa, karo na kodi ya nyumba. Neno hilo lina uzito, na hatudai kwamba ua la karatasi ni badala ya unga. Mwenye njaa apewe chakula kwanza. Lakini tuangalie vizuri. Bi Mkubwa hakukosa chakula, kwani wanawe walimletea. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba yuko hai katika nyoyo za jirani zake. Mitaani mwetu wapo wengi kama yeye: wazee, wagonjwa wa muda mrefu, wajane, wageni waliohamia bila jamaa. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Imam Tirmidhi, kuwa hata tabasamu analolitoa mtu mbele ya nduguye ni sadaka. Ikiwa tabasamu la uso ni sadaka, basi na kazi ya mikono inayolileta tabasamu hilo katika uso wa mwingine haikosi fungu lake.

Ama kuhusu kuificha kazi hiyo, Waislamu hatukuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Aya ya 271 ya Suratul Baqara inaisifu sadaka inayotolewa hadharani, na inaifadhilisha ile inayofichwa na kufikishwa kwa mafakiri. Na katika Hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim, miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama yumo atoaye kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia.

Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia habari za Ali bin Husein, kitukuu cha Mtume, aliyejulikana kwa lakabu ya Zainul Abidin. Huyu alikuwa akibeba vyakula mgongoni usiku wa giza na kuviweka milangoni kwa mafakiri wa Madina. Nyumba hizo zilikula miaka na miaka bila kujua mkono uliozilisha. Alipofariki, vyakula vikakoma, na waliomwosha wakakuta mgongoni mwake alama za mizigo. Hapo ndipo watu walipojua.

Wanavyuoni wametueleza hekima mbili za siri hiyo. Ya kwanza ni kumlinda mtoaji na riyaa, yaani kufanya jambo ili watu waone. Ya pili ni kumlinda mpokeaji asidhalilike. Sisi, tukiyatazama yaliyotokea mtaani kwetu, tungependa kuongeza faida ya tatu, inayorudi kwa jirani wote.

Mtu akipewa zawadi na amjuaye, humshukuru huyo mmoja, na jambo likaisha baina yao wawili. Lakini akikuta zawadi asiyojua mwenyewe, amshukuru nani? Atamtazama muuza maandazi na kusema: huenda ni huyu. Atamtazama fundi cherehani, jirani waliyenuniana kwa ajili ya maji machafu, kijana anayepiga muziki usiku, na juu ya kila mmoja atasema: huenda ni huyu. Pasipo jina, wema huo unaweza kuwa wa mtu yeyote, na mtaa mzima ukapata kudhaniwa vyema. Hiyo ndiyo husnu dhanna, dhana njema, ambayo ni kinyume cha ile dhana mbaya tuliyokatazwa katika aya ya 12 ya Suratul Hujurat.

Na hapa ndipo penye kosa letu la asubuhi ile. Tulipolikuta shada lisilo na jina, sisi pia tulijiuliza: ni nani? Swali lilikuwa lilelile walilojiuliza watu wa Saltburn. Wao walilijibu kwa kudhani kwamba kati yao kuna mtu mwema, na sisi tukalijibu kwa kudhani kwamba kati yetu kuna mchawi.

SANAA HII SI NGENI KWETU

Pwani yetu imejaa kazi nzuri za mikono ambazo waliozifanya hatuwajui. Tazama milango ya kuchonga ya Lamu na Unguja, yenye maua, minyororo na mawimbi. Iliyo mingi haina jina la fundi, na kila apitaye hupata haki yake ya kuitazama bure. Tazama kofia za kushona kwa mkono, ambazo moja huweza kumchukua mshonaji miezi. Tazama mkeka: mkindu hukatwa, hukaushwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili, kisha ukili hushonwa ukazungushwa mpaka ukatimia. Ni misikiti mingapi ambayo mama zetu waliitandikia misala waliyoishona wenyewe, wakaipeleka kwa mkono wa mtoto, na imamu asijue imetoka nyumba gani?

Kwa hiyo hatuna haja ya kuiga sufu ya Waingereza, ambayo katika jua letu ingekuwa adhabu. Tunayo miyaa, tunavyo vipande vya kanga na vitenge vinavyobaki kwa mafundi cherehani, tunavyo vifuu, makombe ya pwani na karatasi. Familia inaweza kukaa Alhamisi jioni, wakati madrasa imefungwa, baba, mama na watoto, wakafanya kitu kimoja kidogo. Wanaweza kusuka mapepeo kumi na kuyaacha katika benchi za zahanati ambapo wagonjwa husubiri kwa joto. Wanaweza kupaka rangi makopo matupu, wakapanda ndani yake mrehani au asumini, na kuyaweka penye bomba la maji la mtaa. Wanaweza kushona kawa la kufunikia chakula na kulipeleka kwa mama aliyejifungua, au kutengeneza kadi za maua kwa watoto waliolazwa hospitalini. Na wasiandike jina.

Mtoto anayelelewa katika kazi kama hii hujifunza mambo mawili kwa pamoja: mkono wake unajua kuumba kitu kizuri, na moyo wake unazoea kutenda bila kupigiwa makofi. La pili ni adimu katika zama zetu, ambapo hata futari ya yatima haiandaliwi mpaka simu ziwe zimekwishainuliwa kupiga picha. Tunawasihi wazazi: pepeo hilo la zahanati lisipigwe picha na kusambazwa katika simu. Likipigwa picha limekwisha kuwa na jina.

TAHADHARI

Kwa kuwa tumekwishaungua mara moja, tunaona vyema kuwausia ndugu zetu mambo machache.

Kwanza, zawadi isiyo na jina isiwekwe kwa kificho mlangoni kwa mtu, hususan mgonjwa. Hofu ya uchawi bado imo katika nyoyo za watu, na hatuwezi kuiondoa kwa kuwashtua. Iwekwe mahali pa wazi panapomilikiwa na wote, na iwe na kikaratasi kinachosema kwamba ni zawadi ya mtaa. Ikiwa ni lazima impate mtu mmoja, ipitie kwa mwaminifu anayeheshimiwa, kama vile imamu, mwalimu wa madrasa au mjumbe. Siri kujulikana na mtu mmoja mwaminifu haiharibu siri.

Pili, mali ya mtu haichezewi. Ukuta wa jirani haupakwi rangi, wala mti wake haufungwi kitu, bila ya idhini yake. Furaha inayoanza kwa dhulma si furaha.

Tatu, wanavyuoni wana maneno marefu juu ya kutengeneza sura za viumbe vyenye roho, na rai zao zimetofautiana katika baadhi ya mafungu yake. Maua, majani, nyota, mashua na nakshi za mistari vinatutosha, na katika hivyo wazee wetu walifika mbali sana.

Nne, majina matukufu na aya za Qur'ani zisiandikwe juu ya vitu vitakavyonyeshewa, kuanguka na kukanyagwa. Neno la heri la kawaida linatosha.

Tano, tusigeuze wema kuwa taka. Huko Marekani, wasimamizi wa baadhi ya mbuga za taifa wamewaomba watu wasiache mawe ya kupakwa rangi humo, kwa kuwa yanaharibu maumbile ya mahali. Nasi tutumie vitu vinavyooza, na kilichochakaa tukiondoe wenyewe. Kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani, sembuse kuuweka.

YALIYOFUATA

Msomaji atapenda kujua mambo yaliishaje. Baada ya siku tatu, watu wazima watatu kati ya tuliokuwapo asubuhi ile tulikwenda kwa Bi Mkubwa kumwomba radhi. Tulimweleza kwamba aliletewa zawadi na sisi tukaichoma. Hatukumtajia mletaji, naye hakutuuliza, kwani watoto aliowafundisha kusuka walikuwa wengi. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akawa mtu wa kazi yake, akauliza: "Na ncha zake alizificha vizuri, au ziliachwa nje?" Tulikiri kwamba hatukuangalia. Akatuambia kwamba hilo ndilo lililokuwa la kuangaliwa.

Tangu siku hiyo akaomba kiti chake kitolewe barazani kila alasiri, maana alisema anataka kuona ni watoto gani bado wanasuka. Watoto wakarudi. Miezi michache baadaye, asubuhi ya Idi, mashada mapya yalikutwa yamening'inia katika mlango wa madrasa. Hayakuwa ya saba tena, yalikuwa mengi, na hakuna aliyeyachoma. Mwalimu alithibitisha kwamba yule binti hakuyafanya peke yake, na mengine hata yeye hakujua ni ya nani.

Bi Mkubwa ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Binti yule sasa ni mkubwa, naye ameturidhia tuandike haya maadamu hatulitaji jina lake. Mapepeo bado huonekana katika benchi za zahanati yetu kila unapoingia msimu wa joto. Sisi hatujui ni nani ayawekaye, na tumekwisha acha kuuliza. Tupitapo mtaani tunawatolea salamu wote tunaokutana nao, na juu ya kila mmoja tunasema nyoyoni mwetu: huenda ni huyu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakase nia zetu, atusamehe dhana zetu mbaya juu ya jirani zetu, na aijaalie mikono ya watoto wetu kuwa sababu ya furaha kwa waliosahauliwa. Amin. Wabillahi tawfiq.